Shilingi Kufika 107: Kisa cha Kenya 2011 na Riba Iliyochelewa

Januari 2011 dola moja ilinunuliwa Nairobi kwa wastani wa shilingi 81. Tarehe 11 Oktoba bei ilifika karibu 107. Mwaka ulipofungwa, dola ilikuwa imerudi kwenye 85 hivi. Katika miezi hiyo chai haikuacha kuuzwa Mombasa, maua hayakuacha kupakiwa ndege, na Wakenya walio ughaibuni waliendelea kutuma fedha nyumbani. Uchumi haukuvunjika Oktoba na kuungwa upya Desemba. Kilichobadilika ghafla, mara mbili, ni gharama ya kukopa shilingi kwa usiku mmoja, na ndiyo inayoeleza sehemu kubwa ya kisa hiki.

Kabla ya kuendelea, tuweke hesabu sawa, maana hapa ni rahisi kuchanganya mambo. Dola ikipanda kutoka 81 hadi 107, bei yake imepanda kwa asilimia 32. Shilingi yenyewe imepoteza asilimia 24 ya thamani yake. Namba zote mbili ni sahihi, ila kila moja inajibu swali lake: mwagizaji wa bidhaa anaumizwa na ile ya kwanza, mwenye akiba ya shilingi na ile ya pili.

Hivi ndivyo mwaka ulivyokwenda. CBR ni riba elekezi ya Benki Kuu ya Kenya. Riba ya usiku mmoja ni ile benki zinazotozana zenyewe kwa zenyewe, na bei ya dola ni wastani wa mwezi.

| Mwezi, 2011 | CBR % | Mfumuko wa bei % | Riba ya usiku mmoja % (takriban) | Shilingi kwa dola |
|---|---|---|---|---|
| Januari | 5.75 | 5.42 | 1 | 81.0 |
| Julai | 6.25 | 15.53 | 9 | 89.9 |
| Agosti | 6.25 | 16.67 | 14 | 92.8 |
| Septemba | 7.00 | 17.32 | 7 | 96.4 |
| Oktoba | 11.00 | 18.91 | 15 | 101.3 |
| Novemba | 16.50 | 19.72 | 29 | 93.7 |
| Desemba | 18.00 | 18.93 | 22 | 86.7 |

Msomaji mwenye haraka atatazama safu ya CBR. Ya kutazama kwa makini ni ile ya riba ya usiku mmoja, hasa mstari wa Septemba, ambao tutaurudia.

Mwaka ulivyoanza

Mwishoni mwa Januari 2011 Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ilipunguza CBR kutoka asilimia 6 hadi 5.75. Wakati huo uamuzi huo haukuonekana wa ajabu. Mfumuko wa bei ulikuwa chini ya asilimia 6, na dhamana za Hazina za siku 91, yaani hati ambazo serikali hukopea kwa muda mfupi, zililipa kama asilimia 2.5 tu. Benki zilikuwa na shilingi nyingi zisizo na kazi, ndiyo maana zilikopeshana kwa riba ya asilimia 1 na ushee.

Kisha mambo mawili yakaja pamoja. Mvua zilikosa kunyesha na ukame wa Pembe ya Afrika ukapandisha bei ya chakula. Pakiti ya unga ya kilo 2 ikapita shilingi 100. Huku nje, vita vya Libya viliisukuma bei ya mafuta ghafi aina ya Brent hadi zaidi ya dola 120 kwa pipa mwezi Aprili. Kenya huagiza mafuta yake yote, na katika mwaka wa ukame huagiza mahindi na kuwasha zaidi mitambo ya umeme inayotumia dizeli kwa kuwa mabwawa yamepungua maji. Kila kimoja kati ya hivyo kinalipiwa kwa dola. Nakisi ya biashara na nje ikapanuka, na sehemu kubwa ya pengo ikazibwa kwa fedha za muda mfupi, zile zinazoweza kuondoka ndani ya wiki moja.

Sasa ndipo mtazamo wa mwanauchumi unapokuwa na uzito. Gavana wa Benki Kuu, Profesa Njuguna Ndung'u, alikuwa mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na msimamo wa taasisi yake kwa nusu ya kwanza ya mwaka ulikuwa wa vitabuni kabisa: bei zinapanda kwa sababu ya ukame na mafuta, riba haileti mvua wala haichimbi mafuta, kwa hiyo kubana fedha kungemwongezea mwananchi mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. CBR ikapandishwa kwa robo pointi tu (asilimia 0.25), mara moja Machi na mara nyingine mwishoni mwa Mei, ikabaki 6.25.

Hoja hiyo si ya kubezwa. Benki kuu nyingi hufanya hivyohivyo bei ya mafuta inaporuka mara moja na kutulia. Lakini ina masharti mawili: watu wasianze kuongeza bei na mishahara wakitarajia kupanda zaidi, na mikopo isiwe inapanuka kwa kasi wakati huohuo. Sharti la pili lilikuwa limevunjika mapema. Mikopo kwa sekta binafsi ilikuwa ikikua kwa zaidi ya asilimia 30 kwa mwaka, na sehemu ya mikopo hiyo ilinunua magari, vifaa vya ujenzi na bidhaa nyingine za kutoka nje. Ukame haukusababisha hilo. Lilisababishwa na shilingi iliyokopwa kwa riba ndogo mno.

Fikiria riba halisi, yaani riba ukitoa mfumuko wa bei. Januari CBR ilizidi mfumuko kidogo sana. Julai ilikuwa 6.25 toa 15.53, yaani hasi pointi 9.3. Benki Kuu haikuwa imefanya lolote kulegeza sera. Sera ilijilegeza yenyewe kwa kukaa pale ilipo wakati bei zikipanda. Mtu akisema "hatukugusa riba" katika mazingira kama hayo, kwa kweli ameishusha kila mwezi.

Dirisha

Jioni, benki iliyolipa zaidi ya ilichopokea hujikuta imepungukiwa na shilingi katika akaunti yake Benki Kuu. Kwanza hukopa kwa benki nyingine kwa usiku mmoja. Ikikosa, huenda kwenye dirisha la mikopo la Benki Kuu, huweka dhamana za serikali kama rehani, huchukua fedha, na kurudisha kesho yake. Kanuni ya zamani ya kazi hii ni kwamba dirisha liwe ghali kuliko soko, ili liwe la anayezama na si la anayetafuta mtaji.

Mwaka 2011 kanuni hiyo iligeuzwa. Katikati ya mwaka Benki Kuu ilibadilisha bei ya dirisha, yaani riba inayotozwa hapo, zaidi ya mara moja: ikaipandisha juu ya CBR, kisha Agosti ikairudisha chini. Soko la benki kwa benki likawa linatoza zaidi ya dirisha. Benki yenye dhamana za serikali kabatini ingeweza kukopa Benki Kuu kwa riba ndogo na kukopesha jirani kwa riba kubwa, au kununua dola.

Tufanye hesabu ya mfano ili kuona ukubwa wa kishawishi. Chukua shilingi bilioni 1 iliyokopwa kwa asilimia 7, ikifanywa upya kila siku kwa siku 30, kuanzia dola ikiwa 94.

Bilioni 1 kugawanya kwa 94 ni dola milioni 10.64. Riba ya siku 30 ni bilioni 1 mara 0.07 mara 30 kugawanya kwa 365, sawa na shilingi milioni 5.75. Baada ya mwezi dola ikiwa 104, zile milioni 10.64 zinarudisha shilingi bilioni 1.106. Ukitoa mkopo na riba, inabaki faida ya takriban milioni 100, na aliyeifanya hakutoa senti yake.

Rudia hesabu hiyo kwa riba ya asilimia 29. Gharama ya mwezi inapanda hadi karibu milioni 24. Dola ikienda 104 bado kuna faida. Ikibaki palepale, ni hasara ya milioni 24. Ikishuka kutoka 94 hadi 88, hasara inakuwa karibu milioni 88. Riba kubwa haimzuii mwenye uhakika kwamba shilingi itaanguka asilimia 10 ndani ya mwezi. Inamwondoa yule ambaye hana uhakika, na wengi sokoni ni wa aina hiyo.

Kamati teule ya Bunge iliyochunguza kuporomoka kwa shilingi ililitazama suala hili la benki kukopa dirishani na kupata faida. Ripoti yake ya mwanzoni mwa 2012 ilitaka gavana aondoke. Hakuondoka, alimaliza muda wake Machi 2015. Ubishi kuhusu nani hasa alikopa na kununua dola ulichukua nafasi kubwa kuliko ulivyostahili, kwa maoni yetu. Benki ikiachiwa njia halali ya kupata faida isiyo na hatari, itaipita. Bei ya dirisha hupangwa na mwenye dirisha.

Na si benki peke yake. Tangu masharti ya fedha za kigeni yalipoondolewa miaka ya 1990, msafirishaji wa chai au maua anaruhusiwa kuweka mapato yake katika akaunti ya dola hapohapo Nairobi. Akiona shilingi inalegea, hachangamkii kuzibadili. Anakopa shilingi za kulipia mishahara na kusubiri. Mwagizaji naye hufanya kinyume: hati yake ya mafuta ni ya kulipwa baada ya siku 60, lakini anatafuta dola leo. Hakuna kati yao anayeitwa mlanguzi, na hakuna aliyevunja sheria. Kwa pamoja, wanaweza kukausha soko la dola kwa siku chache.

Septemba

Mapema Agosti shilingi zilikuwa adimu sokoni, na wastani wa riba ya usiku mmoja kwa mwezi ukafika asilimia 14. Kasi ya kuanguka kwa shilingi ilipungua. Benki ndogo zisizo na amana nyingi zikalalamika kwamba zinanyongwa, na ni kweli zilikuwa taabani: soko la Kenya limegawanyika, na benki kubwa zinapokataa kukopesha ndogo, tatizo la benki mbili tatu huonekana kama uhaba wa nchi nzima. Benki Kuu ikalegeza. Septemba riba ya usiku mmoja ikaporomoka hadi 7 hivi, nusu ya Agosti, ilhali mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 17.

Ndipo maji yakazidi unga. Dola ikavuka 100 kabla ya Septemba kwisha. Mkutano wa Septemba 14 ulikuwa umepandisha CBR hadi 7, robo tatu ya pointi. Soko lilisoma ujumbe mmoja tu: taasisi hii inaijali zaidi riba ndogo kuliko shilingi.

Kosa la Septemba linafundisha kuliko la Januari. Lile la Januari lilikuwa la utabiri, na utabiri wa mvua na mafuta humshinda yeyote. La Septemba lilikuwa la zana. Kulikuwa na njia ya kusaidia benki ndogo bila kufurika soko: kuzikopesha hizo zenyewe, kwa riba ya adhabu, huku shilingi za ziada za benki kubwa zikinyonywa kwa kuwauzia dhamana. Mikopo ya adhabu kwa wachache na unyonyaji kwa wengi vinaweza kwenda pamoja asubuhi ileile.

Kwa nini basi Benki Kuu haikuuza tu dola? Akiba yake ilikuwa chini ya kiwango cha miezi minne ya bidhaa za kuagizwa, kiwango ambacho yenyewe hukilenga. Na kuuza dola wakati dirisha likitoa shilingi kwa bei ya chini ni kazi bure, kwani anayenunua dola hizo anazilipia kwa shilingi ulizomkopesha wewe mwenyewe.

Kubana

Oktoba 5 kamati ilikutana nje ya ratiba na kupandisha CBR kwa pointi 4, hadi 11. Siku sita baadaye shilingi ikafika 107. Wengi walichukulia hilo kama ushahidi kwamba riba haifanyi kazi. Lakini asilimia 11 ilikuwa bado pointi zaidi ya 6 chini ya mfumuko wa bei, na hatua ya ghafla kutoka kwa mtu aliyekuwa akisema hakuna tatizo husomwa kwanza kama hofu.

Kilichogeuza upepo ni mkusanyiko wa hatua za wiki zilizofuata. Kikomo cha fedha za kigeni ambacho benki inaweza kubaki nacho kikapunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 10 ya mtaji wa msingi, hivyo benki zilizokuwa zimelimbikiza dola zikalazimika kuziuza. Mikataba ya kubadilishana fedha na benki za nje ikapigwa marufuku kama muda wake ni chini ya mwaka mmoja. Hiyo ndiyo njia ambayo mgeni aliye London hupata shilingi za kuuza. Novemba 1 CBR ikapanda hadi 16.5, Desemba 1 hadi 18. Katikati ya Desemba sehemu ya amana ambayo benki lazima ziiweke Benki Kuu bila riba ikaongezwa kutoka asilimia 4.75 hadi 5.25. Shirika la Fedha la Kimataifa nalo likaongeza mkopo wake wa miaka mitatu kutoka karibu dola milioni 500 hadi karibu 750.

Muhimu kuliko yote, safari hii soko liliachwa likauke. Riba ya usiku mmoja ikafika wastani wa asilimia 29 Novemba. Aliyekuwa akishikilia dola kwa mkopo akaanza kuziuza, msafirishaji akakumbuka akaunti yake, na wageni wakavutwa na dhamana za siku 91 zilizokuwa zikilipa zaidi ya asilimia 20 ilipofika Januari 2012.

Kurudi kwa kasi namna ile kunaeleweka kwa hoja ya Rudiger Dornbusch ya mwaka 1976. Bei za dukani na mishahara hubadilika polepole, bei ya fedha za kigeni hubadilika kwa dakika. Sera ikilegea, mzigo wote wa marekebisho huanza kwa kubebwa na sarafu, ambayo huruka kupita pale itakapotulia. Kwa mtazamo huo 107 haikuwa thamani ya shilingi, na aliyepanga bajeti yake ya 2012 kwa bei hiyo alipoteza fedha nyingi. Ile nadharia nyingine maarufu, ya Paul Krugman ya 1979, ya akiba inayokwisha na bei rasmi inayovunjika, haituhusu sana hapa. Kenya haikuwa na bei rasmi ya kuilinda.

Nani alilipa

Wastani wa riba za mikopo ulipanda kutoka karibu asilimia 14 hadi 20. Kwa mkopo wa nyumba wa shilingi milioni 5 wa miaka 20 wenye riba inayobadilika, malipo ya mwezi yanapanda kutoka takriban 62,200 hadi 84,900. Mshahara haupandi hivyo. Benki nyingi zilikwepa aibu ya kufilisi wateja kwa kurefusha muda wa mkopo badala ya kuongeza malipo. Mteja akapumua mwezi huo na kulipa miaka zaidi.

Tena riba za mikopo zilipanda haraka na kushuka kwa kusuasua. CBR ilibaki 18 hadi Julai 2012, ikashushwa hadi 16.5, ikafika 8.5 Mei 2013. Mikopo haikushuka kwa kiasi hicho. Hasira hiyo ililimbikizana Bungeni hadi 2016, ilipopitishwa sheria ya kufunga riba ya mikopo kwa pointi 4 juu ya CBR. Sheria hiyo iliwafanya wafanyabiashara wadogo wengi wakose mikopo, ikafutwa Novemba 2019. Kuiita sheria hiyo mtoto wa 2011 si kutia chumvi.

Je, riba ndiyo iliyoshusha mfumuko wa bei kutoka 19.72 Novemba 2011 hadi 3.20 Desemba 2012? Kwa sehemu. Mvua za vuli za 2011 zilikuwa nzuri na chakula kikapungua bei. Pia miezi ya Februari hadi Aprili 2011, ambayo bei ziliruka sana, ilitoka kwenye kipimo cha miezi 12, na kipimo kikashuka hata kama bei dukani zilibaki zilezile. Tukadirie hivi: shilingi iliokolewa na riba, na bei zilishuka kwa msaada wa riba, mvua na hesabu ya kalenda.

Majirani

Uganda ilikumbwa na dhoruba ileile. Benki Kuu yake chini ya Emmanuel Tumusiime-Mutebile ilianzisha riba elekezi Julai 2011 kwa asilimia 13, ikaipandisha karibu kila mwezi hadi 23 Novemba. Mfumuko wa bei ulifika asilimia 30 na shilingi yake karibu 2,900 kwa dola, kwa hiyo hakuna miujiza. Lakini haikuhitaji mkutano wa dharura kama wa Nairobi, kwa sababu kila mtu alijua riba inaelekea wapi. Tanzania, ambako dola ilipita shilingi 1,800 Oktoba, iliegemea zaidi kwenye kubana kikomo cha fedha za kigeni za benki.

Dola ilipopita shilingi 160 Nairobi Januari 2024, wengi walikimbilia kisa hiki cha 2011 kutafuta dawa, na safari hii Profesa Ndung'u alikuwa Waziri wa Fedha. Dalili zilifanana, ugonjwa haukufanana. CBR ilikuwa imepandishwa hadi 12.5 Desemba 2023, na mfumuko wa bei ulikuwa chini ya 7, hivyo riba halisi ilikuwa tayari chanya. Soko liliogopa hatifungani (deni la serikali kwa wawekezaji wa nje) ya dola bilioni 2 iliyotakiwa kulipwa Juni 2024. CBR ilipoongezwa nusu pointi Februari, shilingi haikushtuka sana. Ilipaa wiki ambayo serikali ilifanikiwa kuuza nje hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 kwa ajili ya kununua sehemu ya ile ya zamani.